Mlima haupokei simu

Siku ile nilikuwa nimekaa kibarazani kwa mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, vyumba vitatu tu, juu kidogo ya ziwa, na mbele yake mlima umesimama mzima mzima kama umechorwa. Yaani ni mahali ambapo ukipiga picha hovyo hovyo inatoka kalenda. Jina la hapo silitaji, kwanza mwenyewe kaniomba, pili hii habari ukiitoa pale ukaipeleka kwenye bonde lolote zuri, popote duniani, inabaki ile ile. Basi tumekaa, ikaja gari, ikasimama ubavuni mwa uzio wake, wakashuka watu wanne. Wakapiga picha. Wakapeana simu wakapigana picha tena, mmoja akapanda juu ya lile jiwe ambalo mama huwa anaanikia nguo, wakacheka, wakaingia garini, wakaondoka. Sidhani kama dakika kumi zilitimia. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuangalia nyuma yake kuna nini.

Mama akaniangalia, akasema, "Umeona mwanangu? Wamemsalimia mlima, mimi wamenipita kama nguzo ya umeme."

Nikacheka, alafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka kwamba kosa lilikuwa langu. Ndo kwanza nilikuwa nimemaliza kumtengenezea ukurasa wake wa mtandaoni, na nilikuwa najisifu kweli kweli. Picha kumi na mbili. Kumi na moja zilikuwa za mlima: mlima asubuhi, mlima jioni, mlima na ndege, mlima unajitazama majini. Ya kumi na mbili ilikuwa ya kitanda. Namba ya simu niliiweka chini kabisa, kwa maandishi ambayo ungehitaji miwani. Nilikuwa nimeutangaza mlima, na mlima haupokei simu.

Hii kazi ya kuwaandikia na kuwapigia picha watu wenye biashara ndogo ndogo za utalii nimeifanya miaka kadhaa sasa, wenye vyumba, wenye mitumbwi, wakodisha baiskeli, waongoza watalii, wasusi wa vikapu, na karibu wote wana ugonjwa mmoja, wanatangaza mandhari. Fungua kurasa kumi za eneo moja, utakuta picha moja mara kumi na sentensi moja mara kumi, "karibu ufurahie mandhari ya kuvutia". Sasa mandhari mgeni ameshaiona. Ndo iliyomfanya aanze kutafuta. Anachotafuta saa hizi ni mtu, nani atanipokea, nitafikaje, nikichelewa inakuwaje, watoto watalala wapi, nalipaje. Hayo maswali hakuna picha ya machweo inayoyajibu.

Na usidhani wingi wa watu ndo wingi wa wateja. Kuna kijiji Austria kinaitwa Hallstatt, kipo ukingoni mwa ziwa, milima nyuma yake, wakazi wake hawafiki hata elfu moja. Ni kizuri mpaka Wachina walikinakili kizima, wakajenga chao mkoani Guangdong na kukifungua mwaka 2012. Kile cha asili, siku za msimu, kinaweza kupokea watu 10,000 kwa siku. Mwaka 2023 wakaweka uzio wa mbao pale wapiga selfi wanaporundikana, ili ile picha izibwe, kelele zikawa nyingi wakautoa. Lakini kilichonivutia mimi sio uzio, ni kile walichokuwa wamekifanya kabla: mabasi ya watalii yakawekewa nafasi za kubuki na muda wa chini wa kukaa. Yaani kijiji kinachojaa watu kupita kiasi kinawaambia watu, mkija kaeni. Maana mtu wa dakika ishirini anaacha msongamano na chupa tupu, mtu anayekaa ndo anaulizia kitanda, mtumbwi, na nani anaweza kumshonea kamba ya begi iliyokatika.

Sasa ngoja nikupeleke nyuma zaidi, kwa watu ambao kwa maoni yangu walilielewa hili mapema kuliko wote, na wala hawakuwa watu wa utalii. Mwaka 1900, Ufaransa, ndugu wawili, André na Édouard Michelin, wana kiwanda cha matairi mji wa Clermont-Ferrand. Nchi nzima magari hayafiki 3,000. Unauzaje matairi hapo? Mwingine angechora tairi kubwa linameta. Wao wakachapisha kijitabu, nakala kama 35,000, wakagawa bure. Ndani yake kuna ramani, kuna maelezo ya kubadili tairi, fundi yuko mji gani, mafuta yanapatikana wapi, hoteli ya kulala iko wapi. Basi. Hakuna ushairi wa mabonde. Waliona kwamba kinachomzuia mwenye gari kwenda mbali sio kutojua kwamba kuna milima mizuri, ni woga wa kukwama gizani. Mtoe woga, atatembea, akitembea tairi litaisha, likiisha atanunua. Na ukiangalia vizuri, waliofaidika pale ni yule fundi na mwenye vyumba vinne kwenye mji ambao hakuna aliyekuwa anajua kama upo.

Nyota zao za kusifia migahawa zikaja baadae, 1926, zikafika tatu, na zikaja kupewa maana ambayo watu wengi wanaisahau. Moja maana yake hapa panafaa kusimama ukipita. Mbili, panafaa kukunja kona. Tatu, panafaa kufunga safari kwa ajili yake. Ni lugha ya barabara, ya mtu mwenye usukani na muda mdogo. Mimi naitumia sana hii nikikaa na mtu mwenye biashara ndogo, namwambia ukweli hata kama hautaki: mlima ndo nyota tatu hapa, wewe ni nyota moja, na hamna aibu yoyote. Fundi baiskeli chini ya mlima hahitaji mtu apande ndege kwa ajili yake. Anahitaji yule aliyeshapanda ndege ajue kwamba pale kwenye kona ya tatu kuna mtu mwenye pampu na spoku.

Turudi kwa mama.

Baada ya aibu ile nilifanya kitu ambacho sasa nakifanya kwa kila mtu kabla hatujatumia hata senti moja kwenye matangazo. Nilijifanya mgeni. Nikaondoka nikaenda mbali, kama mwendo wa nusu siku, nikaazima simu ambayo haijawahi kufika kule, nikaanza kumtafuta kama simjui. Kwanza jina la kijiji, nikakuta limeandikwa kwa namna nne tofauti, kibao cha barabarani hivi, ramani vile, ukurasa wake (nilioandika mimi mwenyewe) vingine, na kituo cha basi vingine kabisa. Ukitafuta kwa namna moja humpati, ukitafuta kwa nyingine unampata jirani. Nikafungua Google Maps. Pini yake ilikuwa ndani ya ziwa.

Sio karibu na ziwa. Ndani. Kumbe kijana wake ndo aliyemsajili, na alifanya hivyo akiwa kwenye mtumbwi anarudi kuvua, akabonyeza "tumia mahali nilipo", lokesheni ikajichukua pale pale kwenye maji, na hamna mtu aliyeigusa tena. Karibu miaka miwili. Miaka miwili wageni wanashushwa na sauti ya simu mpaka ufukweni, "umefika unakoenda", wanaangalia maji. Mmoja aliacha nyota mbili na maoni ya neno moja: "Haipo."

Niliposoma hilo neno nilijisikia vibaya kuliko hata ile siku ya watu wanne. Maana nyumba ipo, imepigwa deki, shuka zimenyooshwa, mama yupo mlangoni, na kwenye dunia ya mgeni haipo.

Kuirekebisha ilichukua asubuhi moja. Unasimama getini, sio chumbani, getini, unasubiri kale kadoa ka bluu katulie kaache kucheza cheza, unavuta pini mpaka hapo, unatuma, unangoja wakubali. Alafu unaifuata ile njia ramani inayokuelekeza, kwa miguu, mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndo nikagundua kwamba ramani inapitisha magari kwenye kinjia cha mbuzi. Tukaandika kwenye maelezo kwa lugha ya mtu anayeendesha: usikate kona kwenye daraja, nyoosha mpaka shule, geti la bluu mkono wa kulia. Tukapiga picha ya geti, mara mbili, jinsi linavyoonekana ukitokea chini na ukitokea juu, kwa sababu mgeni mwingine anatokea upande wa pili na yeye hilo geti anakuwa analigeuzia mgongo.

Picha ya bafu pia. Watu wanaona haya kuweka picha ya bafu, wanaona kama sio heshima, ila ukimuuliza mtu yeyote anayebuki chumba kwa simu atakwambia ndo ya kwanza anayoitafuta.

Tuligombana kwenye picha ya barabara. Mimi nilitaka tuweke barabara ilivyo baada ya mvua, tope na makorongo yake, mama akasema mwanangu unaniharibia biashara, nani atakuja akiona hivi. Nikamwambia atakuja yule mwenye gari refu, na mwenye gari fupi atakuja amejiandaa. Akakubali shingo upande. Kilichotokea sikukipanga mimi: wenye magari madogo wakaanza kupiga simu kuuliza waache wapi gari, jirani wa kule chini ana uwanja mpana, akaanza kuwalindia magari, mtoto wake mwenye pikipiki akaanza kuwapandisha na mabegi. Biashara mbili zimezaliwa kutoka kwenye picha ya tope. Picha ya machweo haijawahi kumzalia mtu chochote pale.

Kuna jambo jingine ambalo linanichekesha na linaniuma kwa wakati mmoja, majibu ya meseji. Nilipitia simu ya mama kwa ruhusa yake. Mtu ameandika vizuri kabisa, sisi ni wanne, watoto wawili, tunafika Ijumaa usiku, kuna maji ya moto, na tunalipaje? Jibu la mama: "Karibuni sana 🙏🙏". Mwingine anauliza kama anaweza kuja na mbwa. "Karibu sana." Mwingine anauliza kama tarehe fulani kuna nafasi. "Karibu." Na mama kwa moyo wake wote anaamini amejibu! Na kwa Kiswahili amejibu kweli, maana karibu ni neno pana, ukishaambiwa karibu mengine utayakuta hukohuko. Ila mgeni wa mbali anasoma pale anaona mlango uliofunguliwa na ndani taa imezimwa. Anaenda kwingine. Tukaandika majibu matatu, tukayahifadhi kwenye simu yake ayabandike tu: nafasi ipo au haipo tarehe hizo, utafikaje na mwisho wa kupokelewa ni saa ngapi, unalipaje na ukighairi inakuwaje. Karibu ikabaki, mwishoni, mahali pake.

Na saa, jamani. Ukimwandikia mgeni "tunaondoka saa 2 asubuhi" yeye anasoma 2, anaamka usiku wa manane au anakuja mchana mtumbwi umeshavuka. Andika 08:00. Nimeshuhudia mwongoza watalii na mteja wake wanapishana kwa saa sita kamili na wote wawili wana hasira za haki.

Kuhusu majina, kuna watu walilifanyia kazi hili kwa ukubwa wa mji mzima. Tanabe, Japani, kwenye zile njia za kale za mahujaji za Kumano Kodo zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2004. Mwaka 2006 mji ukaunda ofisi yake ya utalii, na moja ya kazi zao za mwanzo haikuwa kampeni wala nyimbo, ilikuwa ni kukaa na kuhakikisha jina la sehemu moja linaandikwa kwa namna moja kwa herufi za Kilatini, kwenye kibao, kwenye basi, kwenye ramani. Kazi ya kuchosha ile, hamna mwanasiasa atakata utepe kwa ajili ya tahajia. Alafu wakatengeneza mfumo wao wenyewe wa kubuki kwa ajili ya nyumba ndogo ndogo za familia, zile za wazee ambao hawaongei lugha ya mgeni, na wakawafundisha wale wazee kuhudumia kwa karatasi zenye picha na maneno ya kunyooshea kidole. Mgeni ananyooshea kidole, mwenyeji ananyooshea kidole, mambo yanaenda.

Nikilinganisha na sisi tunavyokimbilia droni, nanyamaza tu.

Sasa majirani. Hapa ndo pana utamu na hapa ndo pana ugomvi. Mtu mwenye vyumba vitatu akishajaza vyumba vitatu amemaliza, hawezi kuuza cha nne, lakini mgeni wake bado ana kesho nzima mbele yake na hajui aende wapi. Akimwachia mlima tu, mgeni ataangalia mlima mpaka atachoka (hata mlima unachosha, tusidanganyane) na ataondoka siku moja kabla. Akimwambia nenda kwa fulani ana mtumbwi, ukirudi pitia kwa bibi fulani anasuka vikapu, atakufundisha kusuka ukikaa, yule mgeni anaongeza usiku mmoja. Aliyefaidi ni nani? Wote. Hesabu hii ni rahisi, ila jaribu kuwaeleza watu saba kwenye kikao.

Wazo nililipata kutoka njia ya Santiago, kule Hispania kaskazini, ile ya mahujaji wanaotembea kwa miguu mpaka mji wa Santiago. Padri mmoja wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, mwaka 1984 alianza kuchora mishale ya njano njiani kote, kwenye mawe, kuta, miti, akitumia rangi ya kuchorea barabara, ili mtembeaji asipotee. Mwaka 1986 waliopewa cheti cha kumaliza safari pale Santiago hawakufika 2,500. Mwaka 2023 walizidi 440,000. Sio mishale peke yake iliyoleta hayo, Baraza la Ulaya liliitangaza njia ile mwaka 1987, UNESCO wakafuata, na mengine mengi, ila bila mshale hao wote wangepita wapi? Lakini mimi kilichonishika zaidi ni mihuri. Mtembeaji anabeba kijitabu, na ili apewe cheti inabidi athibitishe ametembea angalau kilomita 100 za njia ile, anathibitisha kwa mihuri anayogongewa njiani, kanisani, kwenye nyumba za kulala, hata baa. Muhuri haugharimu kitu zaidi ya wino, lakini unamwingiza mtu mlangoni, na mtu akishaingia mlangoni anakaa, akikaa ananunua, asiponunua basi atakumbuka.

Tukajaribu kwetu. Karatasi moja imekunjwa mara tatu, ramani imechorwa kwa mkono na binti wa shule mwenye mkono mzuri, biashara saba, kila mmoja na muhuri wake. Mwenye mtumbwi muhuri wake kasia, fundi baiskeli gurudumu, bibi wa vikapu akachongewa kikapu ambacho ukiangalia haraka haraka ni kama sufuria, akakipenda hivyo hivyo.

Kikao cha kwanza kilivunjika kwa swali la nani awe namba moja kwenye ramani. Saa mbili nzima. Mwenye hoteli kubwa kidogo anasema mimi ndo mkubwa, mwenye mtumbwi anasema watu wanaanzia ziwani, mzee mmoja akasema tupange kwa umri na yeye ndo mkubwa kuliko wote, mimi nimekaa katikati nafuta jasho. Aliyetuokoa ni yule binti. Aliichora ramani upya ikawa duara, hamna namba, hamna mwanzo, akasema kila mtu aanzie anapolala. Kimya. Wazee wakaangaliana. Ikapita.

Haikuwa miujiza. Muhuri mmoja ulikauka wino wiki ya pili na mwenyewe hakununua mwingine. Mmoja alijitoa kwa sababu mwongoza watalii alitaka chake kidogo kwa kila mgeni anayemleta, na hili la kamisheni ya majirani mpaka leo sijajua nilisimamie vipi, zamani nilikuwa napinga kabisa, sasa naona kama inajulikana, imeandikwa, na ni sawa kwa wote, afadhali kuliko ile ya kunong'onezana inayofanya mgeni apelekwe kwa anayelipa sio kwa anayefaa. Kule Annapurna, Nepal, wenye nyumba za kulala wageni njiani walikuwa na kamati zao za kupanga bei na menyu kwa pamoja, ili mtu asimvute mgeni shati katikati ya njia. Inawezekana, ila inahitaji kukaa chini, na kukaa chini ndo kazi.

Kilichofanikiwa ni bibi wa vikapu. Yuko nyuma ya kona ya mwisho, kilimani, mahali ambapo hakuna gari lililowahi kwenda zaidi ya kugeuzia. Sasa watu wanapanda mpaka kwake kwa sababu duara halifungi bila yeye. Ananiambia wengine wanafika wanahema, wanataka muhuri tu, yeye anawaambia kaa kwanza mjukuu wangu, wino haukimbii.

Mitandao ya bukingi nitaipitia haraka maana kila mtu ana hasira nayo na hasira zangu sio mpya. Inakata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi, na kwa mtu wa vyumba vitatu hiyo inauma. Lakini inamfanya aonekane na mtu ambaye asingemjua kamwe, kwahiyo mimi siwaambii watu watoke, nawaambia wasiishi humo peke yake. Siku moja mtandao mmoja na kalenda ya mama havikusomana, zikaja familia mbili na mabegi, chumba kimoja, saa tatu usiku. Aliyetuokoa hakuwa huduma kwa wateja. Ni jirani, yule wa geti la kijani, aliyefungua chumba cha mwanawe aliyekuwa masomoni. Mgeni akishakuja mara ya kwanza kwa mtandao, akiondoka aondoke na namba yako kwenye karatasi, ili safari ya pili akutafute wewe.

Na hawa watengeneza video. Alikuja mmoja, kijana mwenye wafuasi wengi, akalala siku mbili bure, tukamhudumia kama bwana harusi. Video ikatoka, nzuri sana, imetazamwa mno, yeye yuko juu ya jiwe la mama la kuanikia nguo amenyoosha mikono, nyuma mlima. Jina la nyumba hakulitaja. Mahali hakutaja. Chini watu wanauliza "hapa ni wapi?" na yeye anajibu kwa moyo mwekundu. Sina ugomvi nae, ila siku hizi kabla ya funguo tunaandikiana, jina litajwe, pini iwekwe, namba iwepo.

Sio kwamba vichekesho na video haviuzi. Visiwa vya Faroe, kule Atlantiki ya kaskazini, mwaka 2016, walikuwa hawapo kwenye picha za barabarani za Google, basi mwanamke mmoja wa ofisi yao ya utalii akawafunga kondoo kamera mgongoni, wakatembea nazo wakapiga picha za njia. Dunia ikacheka, na Google wakaja na vifaa. Angalia kwa nini ilifanya kazi: kondoo ndo wenyeji wa pale, kule kondoo ni wengi kuliko watu, kwahiyo wazo lile lisingeweza kutoka popote pengine. Na mwaka 2019 hao hao wakafunga vivutio vyao vikubwa kwa siku chache, "tumefunga kwa matengenezo", wakawaalika watu 100 kutoka nje waje kutengeneza njia na vibao, kwa kulala na kula bure. Kuna biashara gani inajitangaza kwa kufunga? Ila mtu aliyepiga nyundo kibao chenu atawaongelea miaka kumi.

Kitu cha mwisho ambacho nilichelewa sana kukielewa ni mawingu. Huu mlima tunaoutangaza, siku nyingi hauonekani. Anayeishi pale anajua, mgeni hajui, anafika amelipa nauli ya mbali anakuta ukuta mweupe, na uso unaanguka. Zamani mama alikuwa anaona aibu, anaomba msamaha kana kwamba yeye ndo kaushusha. Biashara zote za pale zilikuwa zinalala siku hizo. Sasa ukifikiri, siku ya mawingu ndo siku ambayo mgeni hana pengine pa kuangalia isipokuwa watu. Ndo siku ya bibi wa vikapu, ndo siku ya mzee mwenye historia za ziwa, ndo siku ya kutengenezewa viatu. Tukaandika kwenye ukurasa wake, juu kabisa kabla ya picha yoyote: mlima hauonekani kila siku, ukijificha tuna mambo haya. Nilikuwa na wasiwasi nayo hiyo sentensi. Bado ipo.

Nilipita kwake tena hivi karibuni, asubuhi, ukungu mpaka kwenye kizingiti, hata lile jiwe la kuanikia nguo lilikuwa halionekani. Simu ikaita. Nikamsikia anaongea, hana haraka.

"Leo? Hapana baba, leo hauonekani kabisa. Kesho sijui, mlima hauniambii." Akasikiliza. Akacheka. "Mko wangapi? ... Haya. Kwenye daraja usikate kona, nyoosha mpaka shule. Geti la bluu. La kijani ni la jirani yangu, nae ana chumba, mkizidi nitawapeleka kwake. Na mkifika msipige honi, kuna wengine bado wamelala."